Ukurasa Nilioutoa Hombo

Siku niliyoingia Hombo nikikimbia vita, niliandikwa kuwa mtalii.

Nilikuwa nimetoka Karuba kwa miguu pamoja na watoto wangu wawili, godoro kichwani, tukipita milimani na msituni. Penye kizuizi cha barabara mtoza kodi alinitazama miguu kwanza, kisha uso.

"Mama, unatoka wapi?"

"Karuba, kule Masisi."

"Basi weye njo mutalii. Mutu yeyote mwenye kutoka inje na kupita hapa analipa takisi ya watalii."

Nilidhani ananitania, lakini hakuwa anacheka. Nilimwachia sufuria yangu ya pekee, naye akanikatia jeto, karatasi ndogo yenye muhuri na picha ya kichwa cha sokwe. Watalii wenyewe, wale waliokuwa wakija zamani kuangalia wanyama, hawakuwa wameonekana tangu bunduki zianze kulia.

Aliyetupokea ni mama mmoja mkulima wa mihogo. Alitupa chumba cha nyuma na hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Mumewe alikuwa mzee wa kutega wanyama kwa kamba. Hatujamaliza miezi miwili pale, askari wa mbuga akamkuta na kakakuona, mnyama ambaye sheria inakataza kumuua, akapelekwa gerezani mjini. Mama hakulia mbele yetu. Kila juma alifunga unga wa mihogo kwenye kitambaa, na mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mwenye duka na lori, akaufikisha gerezani bila kudai kitu.

Mwaka uliofuata wabunge watatu wa jimbo walikuja Hombo. Walitaka kujua mambo mawili: ile takisi ya watalii inatozwa nani, na sheria ya wanyama inafuatwa namna gani. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Walihitaji mtu wa kuandika, na paroko akawaambia kuna mwalimu mkimbizi, ndiye mimi. Nikapewa daftari, kalamu mbili na onyo: karani anaandika, haongei.

Siku ya kwanza, katika ukumbi wa parokia, mkubwa wa kizuizi alisema takisi ile ni ya watalii peke yao. Kiongozi akawageukia watu.

"Nani hapa amekwisha kuilipa?"

Ukumbi ulijaa, na hakuna aliyefungua kinywa. Hata mfanyabiashara wa Butembo alikuwa akitazama viatu vyake. Nikajikuta kalamu imesimama. Nikasimama na mimi.

"Miye, Honorable. Nilikuwa nakimbia vita."

Nikaweka jeto yangu mezani. Kisha mwanamke mmoja muuza ndizi akaja na yake. Akafuata mwingine. Mwishowe yule mfanyabiashara akatoa mfukoni bunda zima la jeto lililofungwa kwa mpira, akaliweka taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Mkubwa wa kizuizi alinitazama mimi, si yeye.

Siku ya pili ilikuwa ya wanyama. Mama wangu mwenyeji aliomba neno.

"Bwana yangu alikosa, siseme hakukosa. Lakini niko na swali. Hii sheria inaona tu mutu wa kamba? Mwenye bunduki haimuone?"

Askari wa mbuga, yuleyule aliyemkamata mzee, alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliinuka.

"Mama iko na haki," alisema. Akaeleza kwamba majuma machache baada ya kumkamata mzee, gari la watu wenye silaha lilifika kwenye kizuizi cha mbuga alipokuwa zamu, na mtoto wa sokwe ndani ya gunia. "Nilisikia analia sawa mutoto wa mutu. Wao walikuwa wengi na bunduki, miye peke yangu. Nikainua muti wa kizuizi, wakapita. Nikawapigia na saluti."

Akataja gari, akamtaja na mwenye gari. Niliandika yote, naye akatia sahihi. Kiongozi akamwambia Mama kwamba kwa ushuhuda ule, unaoonyesha sheria inawabana wanyonge tu, ataomba mzee afunguliwe. Usiku huo Mama alipika maharage na mafuta ya mawese, tukala kama watu wa sikukuu.

Asubuhi nilikuwa uani mwa parokia nikinakili maandishi yangu kwa usafi. Askari wa mbuga akaja, kofia mkononi.

"Mwalimu, ile ukurasa ya jana, uitoe. Mwenye gari amekwisha kujua. Wametuma watu kuuliza nyumba yangu iko wapi."

"Uko na watoto?"

"Tano."

Nikaupeleka ukurasa kwa kiongozi, nikamwambia. Aliusoma polepole.

"Ukiitoa," alisema, "nitafika mbele ya bunge na maneno matupu. Na yule mzee atabaki ndani."

"Na tukiiacha?"

Aliuweka ukurasa mezani, akatoka kwenda kwenye gari. Nikauchukua, nikautia katika moto wa jiko la parokia, nikasimama pale hadi ulipokwisha.

Takisi ya watalii ilifutwa Hombo. Baada ya muda mtoza kodi yuleyule alikuwa akikata jeto za usafi wa barabara. Kuhusu wanyama, ripoti ilisema tu kwamba walinzi waongezewe vifaa.

Kwa majuma nilikula chakula cha Mama huku namficha jambo hilo. Siku moja mchana, tukimenya mihogo, nikamwambia kwamba ukurasa ule niliuchoma mimi. Hakuacha kumenya.

"Kwa nini haukuniambia mbele?"

"Niliogopa utanikataza."

"Ningekukataza," alisema.

Tangu hapo hakuniita tena mwanangu. Aliniita mwalimu, kama watu wengine, na tulizungumza mambo ya maji na kuni. Lakini hakutuambia tuondoke, na sahani za watoto wangu hazikupungua.

Mzee alimaliza kifungo chake chote. Alirudi na miguu iliyovimba, sikio moja halisikii. Mama alimweleza habari nzima mbele yangu, bila kuficha na bila kuongeza. Mzee akaniuliza kama yule askari bado yuko hai.

"Iko, Papa. Walimuhamisha."

"Na batoto?"

"Walienda naye."

Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kuoga.

Barabara ya Karuba ilipofunguka, tukafunga mizigo. Mama alitusindikiza hadi sokoni. Hakunikumbatia. Aliinama, akamfunga mtoto wangu mdogo kamba za viatu, akarudi kwa mumewe.