Kadibodi Mbele ya Lenzi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipaza sauti kabla sijapewa kiti. Salim, fundi wa mashine, alinitilia mkononi nikiwa bado nimesimama nyuma ya gari la sinema, akaniambia, "Binti, sema kitu." Nikasema, "Hamjambo." Sauti yangu ilitoka kwenye spika zilizofungwa juu ya gari, ikavuka uwanja wa ofisi ya wilaya pale Nyeri, na makarani wawili wakatoa vichwa dirishani. Nilitamani ardhi inimeze. Salim alicheka mpaka kofia yake ikaanguka.

Nyinyi mnaobeba sinema mfukoni hamjui kazi hiyo ilikuwaje, basi nieleze. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Ndani ya gari mlikuwa na projekta, yaani mashine ya kutupa picha, na jenereta ya kuipa umeme, na kitambaa cheupe tulichokitundika kwenye milingoti miwili. Filamu zenyewe zilikuja zimeviringishwa kwenye rili za chuma, nzito, na ole wako uangushe moja. Mimi nilikuwa mfasiri. Filamu nyingi zilisema Kiingereza, kwa hivyo Salim alizima sauti ya filamu, nami nikasimama kando ya kitambaa nikieleza: Kikuyu kwa watu wa Nyeri na Karatina, Kiswahili tulipofika Nanyuki au Mwea, kwenye watu wa kila kabila. Tulianza na mambo ya serikali, jinsi ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe na jinsi ya kuchimba choo, halafu tukamalizia na hadithi. Watu walivumilia choo kwa ajili ya hadithi.

Mimi niliitaka kazi hiyo kwa sababu yangu mwenyewe. Baba yangu alichukuliwa wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipowafunga wanaume wetu kambini, nikiwa mdogo sana. Uhuru ulipokaribia, wanaume walirudi kutoka kambini mmoja mmoja, wengine wamekonda hata wake zao waliwatazama mara mbili. Baba hakurudi. Mama, nyumbani kwetu Mweiga, alisema amesafiri kutafuta kazi mbali, na kila nilipouliza anarudi lini alikumbuka kuna ndama wa kunyweshwa. Nilikua nikingoja. Basi nikasikia kuna gari linalouzunguka mlima mzima, na kila linaposimama watu wanakuja wenyewe, mamia, wanakaa chini na kutulia. Ningempata wapi kwa urahisi zaidi?

Mwanga ukigonga kitambaa hurudi ukaangaza nyuso za watazamaji. Nilifasiri huku macho yangu yakipita safu kwa safu, nikitafuta mwanamume mrefu mwenye kovu juu ya jicho. Bwana Afisa Habari wa Wilaya, mkuu wangu wa kwanza, mtu wa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, hakukawia kunigundua.

"Wewe msichana, unatafutanga nani huko kwa watu? Sinema iko kwa kitambaa."

"Sitafuti mtu, bwana."

"Basi geuka."

Niligeuka. Alipoondoka nikageuka tena.

Mwaka wangu wa pili tuliletewa filamu ya msichana na baba yake, wachungaji wa kondoo katika nchi ya milima. Watu wetu waliipenda sana kwa ajili ya theluji. Wengine walishikilia kwamba imepigwa hapa hapa, kule juu Kirinyaga, mlima wetu, na nilipowakatalia waliniuliza kama nimewahi kupanda nikaangalia. Katika hadithi hiyo msichana ni mtoto wa kudeka. Anaogopa mbwa, anaogopa giza, hajui hata kupiga mluzi. Wako mlimani, theluji inawazingira, baba anaugua, anakufa. Msichana anamfumba macho kwa mkono wake. Halafu anainuka, anapiga mluzi, na kuteremsha kondoo wote mpaka nyumbani.

Bwana Afisa aliitazama kwanza ofisini, mapazia yamefungwa, akasema hapana. "Watoto wanakaa mbele pale kabisa. Na wazee watasema ati serikali imewaletea maiti." Hakuwa mjinga. Kwetu kifo hakikuonyeshwa watoto, wala hakikutajwa mbele yao. Zamani za bibi yangu, mtu aliyegusa maiti alipata thahu, unajisi wa kutakaswa, na hata wenye kwenda kanisani kila Jumapili walikuwa hawajaacha kuiogopa. Kwa hivyo Bwana Afisa akatoa agizo: tukifika pale baba anapokufa, Salim aweke kipande cha kadibodi mbele ya lenzi, na katika giza hilo mimi niseme, "Baba amesafiri."

Salim, Mwislamu wa mtaa wa Majengo, hakulipenda agizo hilo. "Sisi maiti tunaosha kwa mikono," aliniambia akiikata kadibodi. "Baba yangu nilimwosha mimi. Sikupatwa na kitu. Nililia, halafu nikarudi nyumbani nikakuta watu wananiuliza mimi chakula kipikwe kiasi gani." Lakini aliikata sawasawa, maana agizo ni agizo.

Nikawa nasema, "Baba amesafiri," Karatina, Skuta, Nanyuki. Na hadithi haikushikamana. Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikufundishwa na mkuu yeyote. Hadithi za namna hiyo, za mtoto anayekuwa mtu mzima, nilizifasiri nyingi baadaye, na karibu zote zina mlango mmoja: mtu anakufa, na mtoto anagundua kwamba hakuna wa kumwita. Ukiuziba mlango huo, anayetokea upande wa pili huwezi kumwamini. Watazamaji wetu walimwona mtoto mwoga, wakaona giza, wakaona msichana anayeamrisha kondoo. Waliguna. Mzee mmoja wa Karatina alipaza sauti, "Huyu ni mwingine! Yule wa kwanza mmempeleka wapi?"

Mwea ndiko kulikonimaliza. Nilikwenda huko na tumaini kubwa kuliko kwingine kokote, maana mifereji mingi ya mpunga ilichimbwa na watu wa kambini, na wengine walibaki wakapewa mashamba. Nilitazama kila uso. Filamu ilipokwisha watu wakachukua baiskeli zao, lakini msichana mmoja, mwenye meno ya mbele bado yanaota, alibaki amekaa mbele ya kitambaa kitupu.

"Mbona huendi nyumbani?" nikamuuliza.

"Nangojea baba yake. Anarudi lini?"

Nilimtazama mtoto yule na nikajiona mimi, msichana mkubwa mwenye mshahara, nimekaa vilevile. Mama yake alikuja akamvuta mkono, naye akaenda akiangalia nyuma.

Kituo kilichofuata kilikuwa Mweiga, kwetu. Mama alikuja na shuka lake la baridi, akakaa kati ya wanawake wa kanisa. Kabla ya kuanza nilimwambia Salim, "Leo usizibe."

Alinitazama kidogo. "Umeamua?"

"Nimeamua."

Akaiweka kadibodi chini ya kiti chake.

Baba yule alipolala kwenye theluji nilishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Sikuwahi kulitamka neno hilo kwa baba wa mtu yeyote. Nikasema, "Baba amekufa." Nilisikia jenereta peke yake. Kisha msichana akanyoosha mkono kumfumba macho, na watu wakapiga kelele kwa pamoja, wanaume kwa wanawake, "Usimguse! Usimguse!"

Sauti moja ikapanda juu ya zote. Ilikuwa ya mama. Alikuwa amesimama.

"Mwacheni amguse! Ni baba yake!"

Msichana akamfumba macho, akainuka, akapiga mluzi, na safari hii hakuna aliyeguna.

Mimi na mama tulirudi nyumbani pamoja kwa miguu. Nilimuuliza, "Mami, baba alikufa?"

"Alikufa," akasema. "Wanaume waliporudi, mmoja alipitia hapa ukiwa shule. Baba yako aliugua homa ya matumbo kambini, huko Mwea. Huyo mtu alikuwa amemshika mkono alipokata roho. Kaburi hakujua liko wapi."

"Na hukuniambia miaka yote hii?"

"Kila siku uliniuliza anarudi lini. Hukuwahi kuniuliza kama amekufa. Na mimi sikuwa na nguvu ya kuanza."

Tulikaa kwenye nyasi kando ya njia, hapo hapo, tukalia. Mimi nilimlilia baba. Mama, nadhani, alilia kwa sababu hatimaye alikuwa na mwenzake.

Malalamiko yalifika ofisini kabla yangu. Bwana Afisa aliuliza, "Ni nani alikutuma useme hivyo?" Nikamwambia nilisema kilichokuwa kwenye kitambaa. Alinihamishia Embu, na huko, chini ya Afisa Habari wa Mkoa, mama mpole ambaye hakuuliza maswali mengi, niliifasiri filamu ile bila kadibodi mpaka rili yake ikachakaa. Nilipita Mwea mara nyingi. Sikutazama tena nyuso. Niliangalia mifereji, nikijiuliza ni upi aliouchimba yeye kwa jembe.

Magari ya sinema yaliisha, nikamalizia kazi kwenye meza, nikastaafu. Wajukuu wangu huona vifo kumi kwenye simu kabla ya chai, na hakuna anayesimama kando yao kuwaambia ni nini hicho. Nikiwaambia wazime, huniambia, "Cucu, ni sinema tu."

Baba hakufika miaka arobaini. Mimi nina nywele nyeupe, na kijana wangu wa mwisho amekwisha kumpita umri. Nikimfikiria baba sasa namwona ni kijana, mtu ambaye ningemkaribisha uji na kumwambia avae vizuri kuna baridi. Lakini jioni mlima ukifunguka mawingu, huyo kijana ndiye ninayemtaka aje anibebe.