Barua Chini ya Pasi ya Nywele

Barua ya kunichafua niliiandika mwenyewe. Nilikuwa nasuka watu saluni moja ya Makoko, nimeshapata wateja wangu, na huku nyumbani Guta wazee wamekubali posa ya mwanamume wa Butiama niliyemwona mara mbili tu. Kumkatalia baba usoni sikuthubutu. Basi nikavaa glavu za kupakia dawa ya nywele, nikatoa karatasi mpya, nikawaandikia wakwe kwa herufi kubwa, mwandiko usijulikane: binti yule ni mvivu, ana mdomo mchafu, ugali wake haujawahi kuiva, na akikasirika huficha chumvi. Hapo kwenye chumvi nilicheka peke yangu. Nikaificha nyumbani chini ya godoro langu, siku ya tatu nikampa bodaboda wa Kiabakari aifikishe.

Haikupita wiki, mshenga akatua kwetu na barua mkononi, anataka maelezo. Neno la namna hiyo hujibiwa mbele ya ukoo, kwa hiyo tuliitwa wote. Baba aliwaka kwa hasira. Mama akasema karatasi hiyo hajawahi kuitia machoni.

Kaka yangu alikuwa likizo. Kazi yake ni kuchunguza alama za vidole, na vifaa vyake havimtoki mkobani.

"Tusibishane," akasema. "Karatasi ikipata moto wa kutosha, jasho la vidole linajionyeshaga lenyewe. Dada, leta pasi yako ya kunyooshea nywele."

Niliileta mbio. Niliiandika nimevaa glavu, hofu ya nini? Hata moto wa mwisho nilimwekea mimi.

Akaibana karatasi, akaivuta polepole, ikaanza kunukia kama mkate unaotaka kuungua. Akafunga mapazia, akawasha tochi ya bluu, akatupa miwani ya rangi ya chungwa tupokezane. Mshenga alipoivaa, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, nilijiuma ulimi. Vidole viling'aa kila kona, maana barua ilikuwa imepita mikononi mwa ukoo mzima wa Butiama. Katikati yake ikatokea alama ya dole gumba iliyokatwa mshazari na kovu. Kovu lile nyumba nzima tunalijua. Mama alijikata akipasua sangara.

Kicheko kilinikauka. Nilitaka kusema, nikaogopa, na woga ule unaniaibisha mpaka leo.

"Ni mimi niliandika," mama akasema. "Waambie Butiama, binti yangu simtoi kwa sasa."

Mshenga aliaga bila kumaliza chai, na posa ikafia hapo. Baba alitoka nje bila kumwangalia mama.

Nilimfuata jikoni, nikapiga magoti huku nalia. Aliendelea kusonga ugali.

"Niliikuta chini ya godoro lako nikitandika," akasema. "Nikaisoma, nikairudisha palepale."

"Mama, kwa nini ukaiacha iende?"

Akageuza ugali, akaufunika.

"Waliponileta hapa mimi, nilitamani kuandika barua kama hiyo. Nilikuwa sijui kuandika."