Jiwe la Kubangulia Korosho

Juzi, uwanja wa ndege wa Mtwara, nilimwona dada mmoja amepiga magoti sakafuni akipunguza mzigo, na hasira yangu ya zamani ikarudi.

Nilikuwa bado mtoto. Mama alikuwa nesi, na alikuwa amepata kazi Ujerumani. Mchana wa kuondoka kwake nyumba yetu ya Likombe ilinukia korosho alizokaanga za safari. Mjomba aliazima mizani ya ghala la korosho, akaining'iniza kwenye boriti ya jikoni na kulipandisha sanduku. Mnyororo ulilia.

"Ishirini na mbili. Dada, imebaki kilo moja tu kufikia kikomo cha ndege."

Mimi ghalani nilikuwa nimeona mengi. Gunia likikataliwa kwenye mizani, mwenyewe hurudi nalo nyumbani. Basi walipokwenda kula, nikachukua jiwe letu la kubangulia korosho, jeusi kwa mafuta ya maganda, nikalifunga ndani ya sweta la mama.

Kabla ya kuondoka wakapima tena.

"Imezidi kilo nzima!"

"Mizani yako mbovu, kaka," mama alisema kwa uchovu. Hakupekua. Alichomoa kilichokuwa juu, albamu ya picha zetu, akanipa. "Nitunzie, mwanangu."

Nikaipokea, bado nikimngoja arudishwe.

Hakurudishwa. Albamu ninayo mimi mpaka leo. Jiwe liko dirishani kwake, Ujerumani, na kila akipiga simu hunishukuru kwa zawadi ile.