Nyaya Nyembamba za Betri

Nimechoka kujitetea, bora niseme mwenyewe. Ninachaji taa za wachimbaji dhahabu hapa Kemambo, na watu huniita Injinia. Jina hilo ndilo lililoniponza.

Mama Bhoke, mwenye shimo, aliniletea betri ya taa yake, yenye seli tatu za lithiamu. Niliichaji mpaka mita ikaonyesha imejaa. Kesho yake akarudi akasema taa imezimika watu wakiwa chini, wakapanda ngazi kwa kupapasa.

"Wafanyakazi wako wanasikilizia redio betri hiyo," nilimwambia.

Akaenda kuwafokea. Ilipozimika tena, nikarudia maneno yaleyale.

Mara ya tatu alikuja na shemeji yake, Mzee Marwa, fundi wa Sirari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akafungua betri, akapima seli mojamoja. Mbili zilikuwa zimejaa kupita kiasi, ya tatu nusu tu. Akaeleza taratibu kwamba betri hizi huwa na nyaya nyembamba za kusawazisha seli wakati wa kuchaji. Bila hizo, seli iliyobaki nyuma kwa chaji huisha mapema na kuzima taa nzima.

"Sasa hizi nani kazikata?" akauliza, akionyesha ncha za nyaya zilizokatwa.

Wateja waliokuwa kibandani kwangu wakasogea karibu. Mama Bhoke akanitazama.

"Ni mimi, mzee," nikasema. "Kifuniko kilikuwa hakifungi nyaya hizo zikiwepo."

Mmoja baada ya mwingine, wateja walichukua taa zao mezani, wakaanza kufungua vifuniko na kuchungulia ndani.