Mama, Mkwe Wake na Paa la Nyumba ya Msituni

Tulifunga safari ya kwenda msitu wa Kakamega kwa sababu niliona aibu. Chuoni nilikuwa nimeketi darasa moja na wanafunzi kutoka ng'ambo walioujua msitu huo kwa majina ya ndege na vipepeo wake, ilhali mimi, mzaliwa wa Shianda, sikuwahi kuukanyaga. Nikaazimia kwamba nikihitimu, watu wa kwanza nitakaowapeleka kutalii nchi yao wenyewe watakuwa watu wa nyumbani kwetu.

Baba alikataa.

"Nyani wanakujanga hapa kwa mahindi yangu bila kualikwa," alisema. "Sasa niende kwao kufanya nini? Kudai?"

Mama alikubali kabla sijamaliza kueleza. Alizaliwa upande wa Shinyalu, ukingoni mwa msitu, na tangu aolewe katika nchi ya miwa hakuwa amemwona tena ndege aliyempenda utotoni: ndege wa buluu, mkubwa kama jogoo, mwenye kishungi cheusi na mdomo wa manjano na mwekundu, kana kwamba umepakwa rangi kwa ajili ya arusi.

"Anaonekananga asubuhi mapema, akitoka kulala," alisema. "Na hii goti yangu, Nafula, mwaka ujao sijui kama itakubali kwenda mahali."

Ilibidi basi tulale huko huko. Kesho yake jioni miwa ya Baba ilikuwa ikatwe, na wakataji wangehitaji chakula. Mama alikuwa na asubuhi moja tu.

Jumamosi asubuhi, Shianda. Dada yangu Nekesa na mumewe Shivachi walikuja kutoka Mumias na pikapu yao yenye viti vya nyuma. Kwetu, mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali: hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawasemezani ovyo. Mama alijitanda leso mpaka kwenye nyusi, akaketi nyuma kabisa ya kiti cha dereva, mahali ambapo angeona kisogo tu. Mimi nikaketi kando yake, bila kujua kwamba nimekwisha kuajiriwa.

"Nafula," alisema tulipolipita trekta la miwa kwa kasi, "ambia mwenye gari hii si ambulensi."

Shivachi alikuwa mbele yake kiasi cha urefu wa mkono. "Shemeji, ambia Mama nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Ambia yeye asante."

Nekesa aliangua kicheko. "Miaka yote hiyo chuoni, na umekuja kuwa mnara wa simu!"

Nilijibu kwa heshima kwamba desturi nyingine zilikwisha kupitwa na wakati, na kwamba familia hujengwa kwa kukaribiana. Hakuna aliyelipeleka neno hilo upande wowote.

Mjini Kakamega tulinunua mkate na ndizi mbivu. Tulipoiacha lami na kushika njia ya udongo mwekundu, mawingu yalianza kukusanyika juu ya miti. Mama alifungua dirisha, akavuta hewa. Nilimtazama nikaona anatabasamu peke yake.

Alasiri, ukingoni mwa msitu. Tulipokewa na Mama Rukia, mwenye nyumba ya wageni, mzaliwa wa Mumias, aliyetusalimu "Asalaam aleikum" na kutupa chai kabla hata hatujashusha mizigo. Kisha akatuonyesha nyumba niliyoichagua mwenyewe kwa fahari: msonge mkubwa, vitanda safi, vyumba viwili vilivyotengwa kwa kuta zilizoishia usawa wa kichwa.

Mama hakuvitazama vitanda. Alisimama mlangoni, akainua macho kwenye paa, akalizunguka lote kwa macho mpaka yakarudi yalipoanzia.

"Paa ni moja," alisema.

"Mama, lakini vyumba ni viwili. Kuna ukuta."

"Ukuta haifiki juu. Nitasikia mkwe akikoroma. Nikisikia mkwe akikoroma, nitaenda wapi na hiyo aibu?" Akauinua mfuko wake. "Ambia mwenye gari anirudishe nyumbani."

Mama Rukia alinigeukia. "Si ungesema kuna mkwe! Kwa simu uliniambia 'familia'. Familia gani inalalanga na mkwe?"

Nyumba nyingine zote zilikuwa na wageni. Na tungeondoka saa ile, Mama angerudi kwenye miwa bila kumwona ndege wake.

"Shemeji," Shivachi alisema akiwa ameugeukia mti, "ambia Mama asiende. Mimi nitalala kwa gari."

Dakika chache baadaye kima aliingia kwa dirisha la pikapu lililokataa kufungika, akatoka na mkate wetu, na mara mvua ikaingia kwa dirisha lile lile. Viti vililowa chapachapa.

Mama Rukia akatoa hema. Lilikuwa hema la enzi za kale, na kamba zake zilikuwa zimeungwa kwa mafundo mengi. Tulilisimamisha kwa juhudi. Maji yakajaa juu yake, likavimba kama tumbo la ng'ombe, likaanguka na Shivachi akiwa ndani. Kisha chini ya turubai ikasikika sauti iliyojaa adabu:

"Shemeji, ambia Mama niko salama."

Mama aliuficha uso kwa leso. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na nadhani hakuwa analia.

"Nafula," alisema hatimaye, "hiyo jikoni. Paa yake imegusana na hii ya nyumba?"

Jiko la Mama Rukia lilikuwa kando ya msonge, paa kwa paa.

"Zimekaribiana sana, Mama."

"Sijauliza kama zimekaribiana. Panda kiti. Pitisha ufagio katikati."

Basi mimi, mwenye shahada, nilipanda kiti mvuani na kupitisha ufagio kati ya mapaa mawili. Ulipita. Mama aliniamuru niupitishe tena, upande ule mwingine. Ukapita.

"Haya," alisema, akaweka mfuko wake chini. "Hizo ni nyumba mbili."

Shivachi alikula obusuma, ugali wetu, na mboga jikoni, akalala humo humo pamoja na kuni, moshi na jogoo wa Mama Rukia, aliyekuwa na mazoea ya kulala kwenye kitu chochote chenye joto.

Alfajiri, tulikurupushwa na siafu. Walikuwa wameingia msonge kwa safu ndefu, nao hawakujua ukuta wala heshima. Mimi na Nekesa tulibaki ndani tukirukaruka na kukung'uta mablanketi. Mama alikimbia nje bila leso, na goti lake siku hiyo halikulalamika hata kidogo. Wakati huo huo Shivachi alitoka jikoni, macho mekundu kwa moshi, unyoya umenasa nyweleni, jogoo akimfuata.

Niliwaona kupitia mlangoni. Walikutana uso kwa uso, wakashtuka, wakageuka mara moja, wakabaki wamesimama uani wamepeana migongo. Mama alikuwa ameelekea ukuta wa jiko. Shivachi alikuwa ameelekea msitu.

Na juu ya mti mbele ya Shivachi ndege wa buluu alitua.

Nilimwona Shivachi akifungua kinywa, akakifunga. Mnara wa simu ulikuwa ndani, umejaa siafu. Ndege alipiga hatua moja kwenye tawi, kama anayejiandaa kuruka. Ndipo Shivachi alipoinama.

"Wewe jogoo," alisema, "kama kuna mtu hapa anatafuta ndege, ndege iko nyuma yake, juu ya ule mti mkubwa. Huyo mtu ageuke pole pole. Mimi nafunga macho."

Akayafunga kweli, kwa viganja vyote viwili.

Mama aligeuka. Alisimama miguu mitupu kwenye matope, kichwa wazi, akitazama juu mpaka ndege akaita kwa sauti yake ya kukwaruza, akaitandaza buluu yake yote na kuvukia upande wa pili wa msitu. Mama alibaki akitazama tawi tupu.

"Jogoo," alisema baadaye, "ambia aliyekutuma kwamba nimeona."

Jumapili mchana tulirudi. Niliondoka Shianda nikiamini kwamba umbali kati ya watu ni kasoro ya kurekebishwa. Sasa naandika haya nikimkumbuka mtu aliyefumba macho ili mwingine aone, na sijui ni ukaribu gani mwingine nilikuwa nikiutafuta. Ila nimejifunza pia kuuliza habari za paa kabla ya kuuliza habari za vitanda.

Mama alikuwa amemwomba Mama Rukia yule jogoo, akapewa. Njia nzima alimpakata nyuma ya kiti cha dereva. Tulipoyafikia matrekta ya miwa, nilijitayarisha kupokea ujumbe, lakini Mama hakunitazama.

"Jogoo," alisema, "ambia mwenye gari leo anaendesha vizuri."

Baba alitupokea langoni, akamtazama jogoo yule mnono. "Mmefanya vyema. Mkwe amekuja, achinjiwe ingokho."

"Chinja mwingine," Mama alisema, akimkumbatia jogoo. "Huyu ni mkalimani."