Zamu Yangu ya Kigari

Juzi mjini Kitale niliona pikipiki kuukuu yenye kigari cha abiria ubavuni, nikakumbuka harufu ya petroli na vumbi la Tongaren. Baba na rafiki yake, Mwalimu Simiyu, walikuwa na moja kama hiyo kwa ushirika, na kila Jumapili walitupakia watoto kwa zamu.

Siku moja zamu yangu ilipofika, Mama ndiye aliyeketi kigarini, ameshika tumbo.

“Nafula, wewe utaenda Jumapili ingine. Leo wacha mimi.”

Nililia mpaka mngurumo ukapotelea nyuma ya mahindi. Nilidhani anakwenda matembezi, kumbe walikuwa wanamkimbiza hospitali.

Alirudi na kigari kilekile, mdogo wangu kifuani. Mtoto huyo sasa ana mvi, nami namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyesikiliza kilio changu.