Wezi Wanaoongea Kama Nyumbani

Nina ulimwengu wangu wa kubuni: mji wa mawe juu ya kilima, mfalme anayemiliki chumvi yote, na wezi wa msituni ng'ambo ya mto. Niliujenga mwenyewe hapa Kasongo, nikiandika na kufuta, maana sivumilii hata kosa dogo. Mchezaji ni mmoja, rafiki yangu wa tangu shule. Amehamia Kabambare kwa mjomba wake, kwa hiyo tunacheza kwa simu: ninasimulia anachokiona askari wake wa kike, naye anasema askari anafanya nini. Mtandao ukikatika, sina mtu mwingine wa kuongea naye.

Kiswahili sanifu, si hiki chetu cha nyumbani, nilijifundisha kwa redio. Ndiyo maana mfalme wangu hunena vizuri: "Shujaa, twakusihi utulinde." Siku askari alipomkamata mkuu wa wezi, nilimpigisha mwizi magoti: "Usiniuwe, dada, niko na watoto."

Rafiki yangu akanitumia sauti, akicheka.

"Weye kaka! Mufalme anaongea kama redio, muizi anaongea kama mama yangu. Watu wabaya wote wa dunia yako walizaliwa kwetu?"

"Ni mchezo tu," nikaandika.

"Na weye ukikanyaga mwiba, unalia kama redio?" Sasa hakuwa anacheka. "Huyu mutu simuuwi. Na sijui kama nitaendelea kucheza."

Uani mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku akimgombeza kuku, kwa maneno yaleyale ya mwizi wangu. Hakuna aliyeniambia kwamba hayo ni maneno ya wabaya. Hilo pia nilijifundisha mwenyewe.

Nikamwandikia mwizi maelezo ya kwa nini anaiba. Mfalme alifunga kivuko cha mto, watu wa ng'ambo wakala bila chumvi. Sikumfanya malaika: alikiri kwamba alichoma nyumba ya mlinzi, na mlinzi alikuwa ndani. Yote aliyasema kwa lugha ya uani. Niandike "mutu" au "mtu"? Hapakuwa na wa kunisahihisha. Nikatuma hivyohivyo.

Nikisubiri jibu, nilijaribu kumchezesha askari mimi mwenyewe, lakini kila alichosema kilikuwa changu. Nikaacha.

Wiki iliyofuata akajibu: "Askari nimemuacha. Sasa mimi ndiye muizi. Ile nyumba nilichoma, ndiyo, na moshi yake bado naisikia. Lakini mufalme atoke kwa lango aniambie: kivuko alifunga kwa nini?"

Nilifurahi hadi nikasimama. Kisha nikaona kwamba katika mji wa mawe sasa nimebaki peke yangu, na mfalme ambaye hajawahi kuulizwa kitu. Naandika jibu la mfalme, nafuta. Sentensi hazina kosa hata moja, lakini hakuna inayosema kwa nini.

Jana aliuliza, "Bado?"

"Bado," nikamjibu.

"Niko hapa kwa lango," akasema.